Taa ya nyuma ya baiskeli: maswali ninayoulizwa kibandani

Nina kibanda cha ufundi wa baiskeli Ifakara, Tanzania. Wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga, akina mama wauza samaki, wanafunzi, na siku hizi vijana wenye baiskeli za gia. Swali la tairi hulijibu kwa dakika moja. La taa ya nyuma huwa refu, maana mtu huja akiwa amekwisha kununua taa aliyoipenda kwa macho, halafu ndiyo anauliza. Hapa nimekusanya maswali yale yale yanayorudi kila wiki.

Riflekta ninayo tayari. Taa ya nini tena?

Riflekta haina mwanga wake. Kazi yake ni kuurudisha mwanga wa gari kule ulikotoka, basi. Gari lililoungua taa, gari linalotokea kwenye kona, gari ambalo dereva wake hajawasha taa kwa kuwa kwake bado ni jioni: mbele ya hao wote riflekta yako ni plastiki tu. Na ikipakwa vumbi la kiangazi, hata mbele ya taa nzuri haisemi kitu.

Halafu kuna hesabu ya umbali. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kukuona, kuelewa kuwa wewe ni baiskeli na kukanyaga breki; mita 33 zimekwisha na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Breki zenyewe, kwenye lami kavu, zinataka mita nyingine 35 hivi. Jumla karibu 70. Sasa taa za dimu za gari (zile za kumulika chini) humwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 40 hadi 60 mbele yake. Hiyo tofauti ndiyo inayotuua. Taa nyekundu inayowaka yenyewe inaonekana mamia ya mita kabla.

Usiing'oe riflekta, lakini. Taa huisha chaji, riflekta haiishi. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na vyote viwili nyuma: riflekta nyekundu na taa nyekundu.

Na wale mnaofunga CD ya zamani kwenye keria: inametameta vizuri mchana, nakubali. Usiku CD ni kioo. Inautupa mwanga upande wowote ilikoelekea, haumrudishii dereva.

Nikichagua, nianze kuangalia nini? Ukali wa mwanga?

Hapana. Anza kujiuliza utaifunga wapi.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja, amekasirika kweli. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hii taa yako ya kisasa haifanyi kazi, juzi trela la miwa limenikosakosa." Taa yenyewe hakuinunua kwangu, lakini sikubishana. Nikabonyeza, inawaka, tena kali, inauma macho. Imefungwa pale karibu kila mtu anapofunga, kwenye bomba la siti. Nikamwomba afunge mzigo wake kama ulivyokuwa usiku ule. Akalaza gunia la mpunga kwenye keria, akalikaza kwa mipira ya tyubu. Nikaenda nyuma hatua thelathini, nikageuka. Sikuona hata chembe ya wekundu. Taa ilikuwa inaangaza gunia, na gunia ndilo lililokuwa linafaidi.

Tulichukua kipande cha bati nene, nikakitoboa matundu mawili, tukakifunga kwa nati kwenye ncha ya keria, nyuma kabisa, chini ya mstari wa mzigo. Taa ikahamia hapo. Gharama ilikuwa nati mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga), jiulize unabeba nini. Kama keria yako haikai tupu (gunia, ndoo ya samaki, mtoto, mkaa), nunua taa inayofungwa kwa skrubu kwenye keria au kwenye madigadi, usinunue ya kufunga kwa mpira kwenye bomba. Mkaa ndio mbaya zaidi, maana gunia lake hushuka pembeni hadi karibu na ekseli. Kwa wabeba mkaa huwa nafunga taa ya pili kwenye mzigo wenyewe, juu, kwa kamba. Ni shida kidogo kila siku, lakini hakuna njia nyingine niliyoiona ikifanya kazi.

Kama huna mzigo, bomba la siti linafaa, ila angalia mambo mawili. Koti refu au kanga ikining'inia inaifunika. Na bomba lenyewe limelala, halijasimama wima, hivyo taa iliyofungwa bila kurekebishwa hutazama chini au mawinguni. Taa za LED za siku hizi hukusanya mwanga kwenye njia nyembamba; ukiikosea kidogo tu, dereva anabaki pembeni ya njia hiyo na kwake taa yako ni nukta hafifu. Izungushe mpaka uso wake uangalie nyuma sawasawa na barabara.

Niifunge upande gani?

Katikati ikiwezekana. Isipowezekana, upande unaopitwa na magari. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, hivyo magari hutupita kuliani: taa iwe kulia. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha kulia, kwao iwe kushoto. Wauza baiskeli za mtumba hawalijui hili. Baiskeli iliyotoka Ulaya bara huja na taa imefungwa upande wa kwao, na watu huiacha hivyo hivyo miaka.

Basi lumeni ngapi zinatosha?

Kwa usiku wa barabara zetu, lumeni 10 hadi 30 zinatosha kabisa. Kwa mchana unahitaji 50 na kuendelea, 100 ukipata, kwa sababu taa inashindana na jua. Lumeni 100 usiku zikielekezwa machoni mwa anayekufuata, hasa mwenye baiskeli mwenzako, ni ukorofi. Dereva aliyepofushwa haoni umbali wako, anaona mwale tu.

Tena namba ya kwenye boksi usiiamini sana. Nimefungua taa ndogo za sokoni zilizoandikwa namba ya kutisha, ndani kuna LED mbili na betri ya kidonge kama ya saa ya mkononi. Betri ile haina nguvu ya kutoa mwanga huo hata kwa dakika tano.

Nitajuaje kama ni nzuri kabla sijalipa?

Muuzaji akikukatalia kufanya haya, ondoka.

Iwashe, uigonge kwenye kiganja mara kumi, kwa nguvu kama ya shimo la barabarani. Ikizima au ikibadilisha mtindo wa kuwaka, mguso wa betri ni mbovu. Hii ndiyo hitilafu ninayoiona kuliko zote: taa inawaka vizuri dukani, ukifika kwenye makorongo inazima, na wewe uko mbele huwezi kujua. Taa ya nyuma ina ubaya huo, ikikusaliti haikuambii.

Kisha isimamishe juu ya meza, usogee pembeni polepole kama unaizunguka nusu duara. Nzuri huendelea kuonekana hata ukiwa ubavuni, kwa sababu kioo chake kimejitokeza au kina madirisha pembeni. Mbaya hupotea ukisogea hatua mbili. Gari linalotoka njia ya pembeni linakuona ubavu, halikuoni mgongo.

Tazama kishikizo. Plastiki nyembamba inayoingia kwa kubofya huvunjika ndani ya mwezi mmoja wa barabara ya vumbi. Mpira mpana wa silikoni au skrubu ya chuma hudumu. Bonyeza swichi pia. Ikiwa laini mno, itajiwasha ndani ya mfuko na utaikuta imekwisha chaji.

Iwake moja kwa moja au iwe ya kuwaka na kuzima?

Hili linagombanisha watu hata kijiweni. Ya kuwaka na kuzima inavuta jicho haraka, hasa jioni na mchana, na inakula chaji kidogo. Ubaya wake ni kwamba kwenye giza totoro dereva anashindwa kupima uko mbali kiasi gani na unaelekea wapi: ukizima, hana cha kukishikilia, ukiwaka, umeshasogea.

Mimi usiku nje ya mji huwasha ya moja kwa moja. Mjini, jua likizama, huwasha ya kuwaka na kuzima. Na kama unaweza kununua taa mbili za kawaida kwa bei ya moja ya kifahari, nunua mbili: moja itulie, nyingine ipepese. Sababu kubwa hapa ni ile niliyoisema, kwamba huwezi kuona nyuma yako. Moja ikifa, ipo nyingine.

Ile mitindo saba ya kuwaka kama harusi, achana nayo.

Betri za kubadilisha, za kuchaji, au dainamo?

Inategemea usiku unakaa wapi. Kama nyumbani kuna umeme au sola ya kuchajia simu, chukua ya kuchaji. Unaichomeka pamoja na simu, basi. Boksi likisema betri ni 500 mAh (umeme inaoubeba) na taa inakula kama 50 mA kila saa ikiwa imetulia, kwa karatasi utapata saa 10. Wewe hesabu 7 au 8, na chini ya hapo ikizeeka. Tatizo lake ni kwamba nyingi huwaka sawasawa mpaka mwisho halafu zikazima ghafla. Chagua yenye kitaa kidogo kinachokuonya. Usiiache juani kwenye baiskeli mchana kutwa, joto linaiua betri ya lithiamu kuliko matumizi. Na ukiona imevimba, usiichaji tena hata mara moja.

Taa ya betri za kawaida ndogo bado ina heshima yake. Duka lolote la kijijini linauza betri, na zikichoka mwanga hufifia polepole, unapata siku mbili tatu za kujiandaa. Lakini zikiisha zitoe. Zikivuja ndani zinakula miguso ya chuma. Ikitokea kwa betri za alkali ukakuta unga mweupe, sugua kwa pamba yenye siki au ndimu kidogo, futa, kausha. Nimefufua taa nyingi hivyo, na mwenyewe anadhani nimebadilisha kitu.

Dainamo ndiyo niliyokulia nayo, ile chupa inayosuguana na tairi na kulia ngurururu usiku kucha. Hutoa volti 6 na wati 3: 2.4 za mbele, 0.6 za nyuma. Wazee mtakumbuka mkasa wake: balbu ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ya nyuma, nayo inaungua dakika hiyo hiyo. Na ukisimama, giza. Sasa kuna taa za LED za dainamo zenye kapasita ndani (kijidude kinachohifadhi umeme kidogo), hubaki zikiwaka dakika chache baada ya kusimama. Anayesafiri kilomita nyingi kila usiku na hana umeme nyumbani, hii nampendekezea bila kusita. Uzito wa kukanyaga unaongezeka, sitamdanganya mtu.

Mvua inaiua?

Tazama maandishi ya IPX kwenye boksi, ndiyo kipimo cha kuzuia maji. IPX4 inastahimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote, yaani mvua ya kawaida. IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa masika ya bonde letu la Kilombero, ambako njia yenyewe wakati mwingine ni mto, nafuu utafute 6 au 7. Mahali maji yanapoingia ni pale pa kuchomekea chaji: kale kampira kakilegea, taa haina maisha. Ukichaji usiku, hakikisha umekarudisha.

Walio pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, adui yenu ni chumvi. Futeni kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila wiki, na miguso ya betri muipake vaselini nyepesi.

Vumbi nalo halitajwi kwenye boksi lakini ndilo linaloiba mwanga mwingi. Kidole kimoja chenye mate kikipita juu ya kioo kila jioni kabla ya kuondoka, umeongeza lumeni bure.

Naweza kutumia tochi ya simu na kuifunika mfuko mwekundu?

Siku moja ya dharura, sawa. Si zaidi. LED nyeupe ina wekundu kidogo sana ndani yake, hivyo mfuko mwekundu unazuia sehemu kubwa ya mwanga na kukuachia kaa la moto. LED nyekundu yenyewe, hata ndogo, inashinda. Na kamwe usiweke nyeupe nyuma, wala hizo za bluu na kijani za kwenye magurudumu peke yake. Dereva kwa miaka yote amefundishwa kuwa nyekundu ni mgongo wa kitu na nyeupe ni uso wake. Akiona nyeupe anadhani unamjia, anaanza kukupisha upande usiostahili.

Mchana pia niwashe?

Ukiweza. Mjini Odense, Denmark, walifanya jaribio kwa waendesha baiskeli karibu 4,000: baadhi walipewa taa zinazowaka muda wote gurudumu likizunguka, usiku na mchana, wengine hawakupewa. Waliokuwa na taa walipata ajali pungufu kwa asilimia 19. Kule kuna njia za baiskeli na madereva waliozoea baiskeli, hivyo sidai namba itakuwa ile ile huku. Lakini saa ambayo mimi sikosi kuwasha ni saa kumi na mbili jioni. Kwetu jua likizama giza halichelewi, hazipiti dakika 25 umeshapoteza mkono wako mwenyewe, na madereva wengi bado hawajawasha zao.

Kizibao cha riflekta si kinatosha mgongoni?

Kinasaidia, ila mzigo mrefu unakifunika vilevile. Ukiwa na pesa ndogo tu, anza na miguu. Utepe wa kung'aa kwenye vifundo vya miguu, au riflekta za kwenye pedeli, huenda juu na chini, na jicho la mtu linatambua mwendo huo haraka: yule ni binadamu anakanyaga. Watafiti wa Australia wamelipima hilo mara kadhaa. Stika nyekundu za malori nazo zinakatwa vizuri kwa mkasi. Kipande cha ukubwa wa kidole kwenye madigadi na kingine kwenye kila mguu wa keria.

Niko Ulaya kwa masomo, nichukue ipi?

Angalia sheria ya huko kwanza, maana hazifanani. Uingereza taa ya kuwaka na kuzima iliruhusiwa mwaka 2005, ikiwa inapepesa mara 60 hadi 240 kwa dakika, na taa ya nyuma inatakiwa iwe kati ya sentimita 35 na 150 kutoka chini. Baiskeli iliyotengenezwa baada ya 1985 inatakiwa pia kuwa na riflekta za njano kwenye pedeli. Ujerumani taa ya kupepesa kwenye baiskeli hairuhusiwi, na taa lazima iwe na alama ya kibali, herufi K yenye kistari cha mawimbi na namba. Taa za betri wao waliziruhusu kama mbadala kamili wa dainamo mwaka 2013 tu. Ukimnunulia ndugu yako zawadi ya kuleta nyumbani, za Kijerumani hudumu. Kumbuka tu kuhamisha upande.

Zile zenye rada na za kuonyesha breki zinafaa?

Ya breki ina kipimo ndani kinachohisi ukipunguza mwendo, inang'aa zaidi. Kwenye barabara ya makorongo inadhani unashika breki kila shimo. Ya rada ni kitu kizuri kweli: Garmin wana moja inayohisi gari likiwa mita 140 nyuma na kukuonya kwenye kifaa cha mbele. Bei yake unapata baiskeli. Mteja wangu mmoja wa mashindano anayo, anaipenda sana, na hubeba nyingine ya kawaida mfukoni kwa sababu ya rada kumaliza chaji.

Nikipaki sokoni wanaing'oa.

Wanaing'oa, ndiyo. Ya mpira ivue uitie mfukoni, sekunde tatu. Ya skrubu mimi huifunga kwa nati ya kujikaza, yenye plastiki ndani, na kuijaza gundi kichwani ili bisibisi isishike. Siku ukitaka kuitoa utanilaani, njoo nayo nitaikata kwa msumeno.